Steshenari ya Uyole na huduma yake kwa wapiga kura: niliyoyaona kati ya Desemba na Januari

Duka ninalolizungumzia liko Uyole, jijini Mbeya, upande wa barabara iendayo Tukuyu, hatua chache kutoka pale kosta za Rungwe na Kyela zinapopakia abiria. Mpita njia ataliona kuwa steshenari kama zilivyo nyingine: mashine mbili za kutolea kopi, kompyuta tatu zinazofunikwa vitambaa kukinga vumbi, madaftari ya shule yaliyopangwa hadi karibu na dari, na benchi refu la mbao ambalo wanaosubiri gari huruhusiwa kulikalia hata kama hawanunui kitu. Tofauti yake iko kwenye kona ya kushoto, ambako kuna meza yenye kibao kilichoandikwa kwa mkono "Taarifa za Mpiga Kura", na nyuma ya meza hiyo huketi mwenye duka mwenyewe, mzee aliyestaafu utendaji wa kata, ambaye miaka ya nyuma alikuwa mtendaji wa kijiji mkoani Njombe. Sitalitaja jina la duka wala la mwenyewe, kwa sababu mzee huyu wakati huo alikuwa mtia nia wa ubunge, na ningependa msomaji aipime huduma bila maneno yangu kugeuka kuwa kampeni ya mtu. Nilikwenda pale mara nne, kuanzia katikati ya Desemba 2024 hadi wiki ya pili ya Januari 2025, mara mbili kwa shida yangu mwenyewe na mara mbili kwa shida ya mama mkwe wangu.

Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura katika mikoa ya Mbeya na Iringa ulifanyika kuanzia tarehe 27 Desemba 2024 hadi tarehe 2 Januari 2025, vituo vikifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Ni siku saba tu, na ndani yake mna sikukuu ya mwaka mpya, mvua za masika yetu ya nyanda za juu, na kazi za shamba ambazo katika safu ya Uporoto hazimsubiri mtu. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilieleza kuwa nchi nzima ingekuwa na vituo 40,126 vya kuandikisha, na kwamba wapiga kura wapya 5,586,433 walitarajiwa kuongezwa juu ya wapiga kura 29,754,699 waliokuwamo mwaka 2020. Mkazi wa Mwanjelwa aliyekuwa na nafasi angeweza kwenda kituoni akarudi kabla chai haijapoa. Mkazi wa vijiji vilivyo juu ya Isongole hutumia nusu siku kwenda na kurudi, na akifika akaambiwa kwamba jina lake limeandikwa vibaya, au kwamba shida yake ni ya kuhama na siyo ya kujiandikisha upya, nusu siku hiyo huwa siku nzima, na pengine harudi tena. Steshenari hii ilijitwisha kazi ya kuiokoa hiyo nusu siku ya pili, na hapo ndipo ninapoipima.

Kilichonivutia kabla hata sijaingia ni karatasi ya manila iliyobandikwa mlangoni, yenye herufi kubwa za kalamu nyekundu: "Kama uliandikwa Oktoba kwa ajili ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji, bado hujaandikwa kwa ajili ya Rais, Mbunge na Diwani. Uliza ndani, kuuliza ni bure." Mimi hufundisha somo la uraia, na nakiri kwa uzito wote kwamba sikuwa nimeona mahali popote pengine maelezo hayo yakitolewa kwa maneno machache namna ile. Kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba 2024 wananchi waliandikishwa kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa uliofanyika tarehe 27 Novemba, na uandikishaji ule ulisimamiwa na Ofisi ya Rais TAMISEMI, majina yakiandikwa kwenye vitabu mitaani na vitongojini bila mtu kupewa kadi. Daftari la Kudumu ni kitu kingine kabisa, liko chini ya Tume, hutumia vifaa vya bayometriki vinavyochukua picha, saini na alama za vidole, na ndilo linalotoa kadi ya mpiga kura, ile ambayo wazee bado wanaiita shahada na ambayo vijana wa mwaka 2015 waliipa jina la kichinjio. Miezi miwili tu ilitenganisha mazoezi hayo mawili, katika mitaa ileile, pengine kwenye darasa lilelile la shule ya msingi. Nikiwa nimekaa kwenye benchi nilimsikia kijana wa bodaboda akisema kwa kujiamini kwamba yeye amemaliza, aliandikwa mwezi wa kumi. Mzee hakumkatiza. Alimwuliza, "Walikupiga picha, mwanangu?" Kijana akasema hapana. "Walikupa kadi?" Hapana. "Basi bado, tarehe 27 uende." Mazungumzo hayo hayakuchukua hata dakika moja, na hayakugharimu shilingi.

Shida yangu mwenyewe ilikuwa ya kuhama. Niliandikishwa Mafinga nilipokuwa nikifundisha Mufindi, kisha nikahamishiwa Mbeya, na kwa muda wote huo kadi yangu ilinitambulisha kama mpiga kura wa jimbo ambalo sikuwa nalala tena. Tume ina mfumo wa mtandaoni ambao humwezesha mtu aliyekwisha kuwamo kwenye Daftari kuanzisha mwenyewe hatua za kuhama au kurekebisha taarifa, kisha akamalizia kituoni, ambako kadi mpya hutolewa. Anayejiandikisha kwa mara ya kwanza hana budi kwenda kituoni tangu mwanzo, kwa kuwa vidole havipigwi kwa mtandao. Ningeweza kufanya hivyo kwa simu yangu, na wasomaji wengi wenye simu janja wataniuliza kwa nini nililipa shilingi 1,000 kwa kazi ya dakika kumi na tano. Jibu langu ni kwamba nilijaribu kwanza nyumbani, nikakwama, kwa sababu nilikuwa nikiandika jina langu la ndoa wakati Daftari linanijua kwa jina la baba. Mzee aliniomba kadi ya zamani, akaisoma mara mbili kwa miwani yake, akaniambia, "Mwalimu, mashine haikujui kwa mume, inakujua kwa mzee wako. Tuanze na jina lililoko humo, ndipo tuombe lirekebishwe." Kosa la namna hiyo haliwezi kuonwa na kijana wa kompyuta ambaye kazi yake ni kubonyeza. Anayeliona ni mtu aliyeketi mbele ya foleni akasikia malalamiko yaleyale mara mia.

Na kweli aliketi mbele ya foleni. Wakati wa mapumziko ya mvua, umeme ulipokuwa umekatika na hakuna la kufanya, alinisimulia kwamba uandikishaji wa bayometriki nchini ulianzia Makambako mnamo Februari 2015, na yeye wakati huo alikuwa mtendaji katika mkoa huohuo wa Njombe. Alieleza jinsi watu walivyofika alfajiri wakiwa na mablanketi, jinsi mashine zilivyokuwa ngeni hata kwa waliozishika, na jinsi alivyojifunza kwamba jambo la kwanza la kumfanyia mtu aliyetoka mbali ni kumwambia ukweli kuhusu foleni, ili kama hawezi kufika leo ajue aje lini. Mpaka sasa anafanya hivyo. Mteja wa saa 11 jioni huambiwa waziwazi kama kazi yake itakamilika ama haitakamilika, naye haachwi akikaa bure huku gari la mwisho la Isongole likiondoka. Nimehudumiwa katika maduka mengi ya aina hii mjini Mbeya, na adabu hiyo ni adimu.

Sehemu ya mama mkwe wangu inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiko huduma hii ilikoonyesha thamani yake yote. Yeye ni mjane, analima viazi na pareto kidogo katika kijiji kilicho juu ya Isongole, na kadi yake iliharibika paa lilipovuja, karatasi ndani ya plastiki ikabaki doa la kahawia lisilosomeka. Alikwisha kuamua kwamba mambo ya kura yamemwishia. Nilipomfikisha pale, mzee alimwamkia kwa Kinyakyusa, akamketisha kwenye kiti chenye mto badala ya benchi, na hakugusa kompyuta kabla hajamwuliza mambo ambayo mimi sikuwahi kufikiria kumwuliza: mwaka aliopiga kura mara ya mwisho, jina la shule ambako alipigia, na jina alilokuwa akitumia marehemu mume wake. Kwa taarifa hizo na kitambulisho chake cha NIDA walilipata jina lake katika Daftari, limo, halijafutwa. Nilimwona mama akiinua uso. "Kumbe nipo?" aliuliza, na mzee akamjibu, "Upo, mama, hujaondoka." Walianzisha ombi la kadi mpya palepale, na kwa kuwa ni mzee wa zaidi ya miaka 65 hakutozwa kitu. Kuhusu kutokutozwa huko nina la kusema hapo chini.

Kisha ulikuja ushauri kuhusu vidole. Mtu aliyelima kwa jembe la mkono miaka 50, au aliyechuma chai katika mashamba ya Rungwe na Mufindi, mistari ya vidole vyake huwa imelika, na kifaa cha kusomea alama hutaka mistari. Mzee alimshauri apake mafuta mikononi kwa siku tatu mfululizo kabla ya kwenda, aoshe kwa maji ya uvuguvugu asubuhi ya siku yenyewe, na asimenye viazi kabla hajatoka nyumbani. Alimwambia pia asione haya kusema mlangoni kwamba yeye ni mzee, kwa sababu utaratibu wenyewe unatoa kipaumbele kwa wazee, wagonjwa, watu wenye ulemavu, wajawazito na wanaonyonyesha. Tulipokwenda kituoni tarehe 30 Desemba, kidole gumba kilisomeka katika jaribio la tatu, na alitoka na kadi yake chini ya saa moja. Siwezi kuthibitisha ni mafuta au ni bahati. Ninachojua ni kwamba alikwenda akiwa ameandaliwa, na aliyemwandaa ni mtu aliyewahi kuwaona wazee wakirudishwa.

Katika ziara ya tatu nilimletea mzee habari ambayo nilikuwa nikiisoma kwa ajili ya darasa langu, kwa kuwa inafanana na maisha yake kwa namna iliyonigusa. Ni habari ya Adrian Fontes wa jimbo la Arizona, Marekani. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Huyo mwenzangu alikuwa mtendaji wa wapi?" Nilimweleza kwamba alikuwa Msajili wa kaunti ya Maricopa, ulipo mji wa Phoenix, kaunti yenye watu zaidi ya milioni 4, wakati mkoa wetu wote wa Mbeya ulihesabiwa watu 2,343,754 katika sensa ya mwaka 2022. Msajili wa kule hutunza hati za ardhi na orodha ya wapiga kura kwa pamoja, na huchaguliwa kwa kura, akiwa na chama chake. Mnamo Machi 2016 kaunti hiyo iliendesha uchaguzi wa awali wa wagombea urais kwa vituo 60 tu, ingawa miaka minne kabla ilikuwa na vituo zaidi ya 200, na watu walisimama kwenye foleni kwa saa nyingi, wengine hadi baada ya usiku wa manane. Msajili aliyekuwapo, Helen Purcell, alikuwa ofisini tangu 1989. Fontes, mwanasheria aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka na mwanajeshi, aligombea dhidi yake Novemba mwaka huo kwa hoja ya foleni zile, na akashinda.

Mzee alitaka kujua kama foleni ziliisha. Ilinibidi nimjibu bila kupamba. Mnamo Agosti 2018, Fontes akiwa ndiye mwenye dhamana, vituo 62 havikufunguliwa kwa wakati kwa sababu vifaa havikuwa vimesimikwa, na lawama zilimwangukia yeye. Baadaye kaunti ilihamia mfumo wa vituo ambavyo mpiga kura yeyote wa kaunti anaweza kupigia, karatasi yake ikichapwa palepale, ili asirudishwe kwa sababu amekwenda shule isiyo yake. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, alitaka kuwatumia wapiga kura karatasi kwa posta hata wale ambao hawakuwa wameomba, mwanasheria mkuu wa jimbo akaenda mahakamani, na mahakama ikamzuia. Novemba mwaka huo aliposimama tena alishindwa na Stephen Richer kwa tofauti ndogo. Mwaka 2022 aligombea nafasi ya jimbo zima, Katibu wa Jimbo, ambaye kule ndiye msimamizi mkuu wa uchaguzi, akiwa na hoja ileile ya kumrahisishia mwananchi kupiga kura, na akamshinda Mark Finchem kwa zaidi ya kura 120,000. Aliapishwa Januari 2023.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema jambo ambalo nimeendelea kulifikiria. Alisema kwamba wao kule wana faida moja kubwa kuliko vituo na mashine: mtu anaweza kujiandikisha siku yoyote ya mwaka. Ni kweli. Arizona ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuruhusu uandikishaji kwa mtandao, mwaka 2002, na mwisho wa kujiandikisha ni siku 29 kabla ya uchaguzi. Hata fomu yao ya karatasi ina nafasi ya kuchora ramani ya mahali mtu anapoishi, kwa ajili ya wale ambao nyumba zao hazina mtaa wala namba, kama walivyo wengi katika maeneo ya wenyeji wa Navajo, na kama walivyo ndugu zetu wa Uporoto ambao ukiwauliza anwani watakuonyesha mti. Sheria yetu huitaka Tume iboreshe Daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Anayekosa siku zake saba husubiri mzunguko mwingine, na akikosa na huo, basi. Mzee alisema akifika Bungeni angepigania ofisi ya kata iwe mahali pa kuandikishia mwaka mzima, hata kama ni siku moja tu kwa mwezi. Naiona hoja hiyo kuwa ya maana, na ni ya mtu anayejua kwamba Sheria Na. 1 na Na. 2 za mwaka 2024, zinazoongoza uchaguzi na Tume, zilitungwa na Bunge na zinaweza kurekebishwa na Bunge. Mabadiliko hayo hayatoki hewani. Katika uandikishaji uliofuata sheria hizo, mahabusu na wafungwa wa vifungo visivyozidi miezi sita waliruhusiwa kuandikishwa, baada ya wananchi kwenda Mahakama Kuu kudai.

Sasa nije kwenye kasoro, na ya kwanza ni nzito. Kila mteja wa meza ile alikuwa akitolewa kopi ya kitambulisho, na kopi moja ilibaki dukani ndani ya faili la bati lililo wazi chini ya kaunta. Nilipouliza sababu, nilijibiwa na kijana msaidizi kwamba ni kwa ajili ya kumbukumbu, ili mteja akirudi asisumbuke. Nia inaweza kuwa njema, lakini kitambulisho cha NIDA cha mtu pamoja na namba ya kadi yake ya mpiga kura si vitu vya kukaa kwenye faili ambalo mnunuzi wa kalamu anaweza kulifikia kwa mkono. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata pasipo sheria, mtia nia mwenye orodha ya majina, vijiji na namba za simu za mamia ya wapiga kura anayo mali ambayo watia nia wenzake hawana. Sisemi kwamba ameitumia. Nasema kwamba hakupaswa kuwa nayo.

Kasoro ya pili inatokana na hiyo. Kando ya meza ya wapiga kura palikuwa na kalenda ya mwaka 2025 yenye picha ya mzee akiwa amevaa suti, na chini yake maneno kuhusu utumishi wake. Mama mkwe wangu, ambaye hakutozwa kitu, alipotoka aliitazama ile picha, kisha akanitazama mimi na kuniuliza kama sasa anadaiwa kura. Aliuliza kwa unyofu kabisa, na ndiyo maana swali lake liliniumiza. Wazee wa umri wake wanakumbuka takrima, yaani zawadi za wagombea kwa wapiga kura, ambayo Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2006 kwa kuwa ilikuwa njia ya kuhalalisha rushwa kwa jina la ukarimu wa kitamaduni. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, inayodhibiti fedha za kampeni, nayo ipo. Huduma ya bure kwa wazee ilianza, kwa maelezo ya majirani wa duka, miaka kadhaa kabla mzee hajatia nia, na siamini kwamba aliibuni kwa ajili ya kura. Hata hivyo, tendo jema lililofanyika kimya kwa miaka hubadilika sura siku picha inapotundikwa juu yake, na anayelipokea ndiye anayebeba uzito wa mabadiliko hayo.

Nilimweleza mzee yote mawili, ana kwa ana, kwa heshima anayostahili. Nilianza kwa shikamoo, akanijibu marahaba, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kukunja uso. Kuhusu faili alikubali palepale kwamba ni kosa. Kuhusu picha alikuwa mgumu zaidi. Alisema duka ni lake, sura ni yake, na kwamba Fontes niliyemsifia alikuwa msimamizi wa orodha ya wapiga kura mwaka 2020 huku jina lake mwenyewe limo kwenye karatasi ya kura. Hoja hiyo ina nguvu, na sikuwa na jibu jepesi. Nilimwambia tu kwamba kule kuna wapinzani, magazeti na mahakama zilizomzuia alipovuka mpaka, tena wapiga kura walimwondoa mwaka huohuo, ilhali kwenye meza yake ya Uyole yuko yeye, mama mkwe wangu na kalenda. Nilimshauri achague: ama aiondoe picha, ama meza ile aiachie kijana msaidizi na watu wote watozwe bei moja hadi uchaguzi upite. Hakuahidi.

Kwa yale madogo nitapita haraka. Bei ni za kawaida: kopi shilingi 100 kwa ukurasa, kuweka plastiki shilingi 1,000, kuanzisha ombi mtandaoni shilingi 1,000, kuuliza na kuangalia taarifa bure. Kompyuta ya tatu haifanyi kazi vizuri. Mtandao husuasua mvua inapokuwa kubwa, na umeme ukikatika hakuna jenereta, ila mzee huandika taarifa za mteja kwa mkono na kumpigia simu ikikamilika. Mlango una ngazi mbili zisizo na mteremko wa kiti cha magurudumu, jambo linalosikitisha katika duka linalojali wengine kwa kiasi hiki, ingawa niliona wahudumu wakitoka nje kumhudumia mteja mwenye magongo akiwa amekaa kwenye bajaji. Wiki ile ya uandikishaji duka lilifunguliwa saa 12 asubuhi, saa mbili kabla ya vituo, na hilo liliwafaa sana watu wa mashambani waliopita Uyole mapema na mizigo ya soko la Soweto. Jumapili hufungwa.

Kadi yangu mpya sasa inasoma Mbeya, kwa jina lililo sahihi. Mtu wa Uyole, Igawilo au wa kando ya barabara ya Tukuyu aliyepoteza kadi, aliyehama, au asiye na hakika kama jina lake limo, ningemshauri asubuhi moja apite pale, aende na kitambulisho chake halisi, aombe kopi zote arudishiwe mkononi kabla hajaondoka, na alipe hata kama ataambiwa asilipe.

Nilipokwenda mara ya nne, katika wiki ya pili ya Januari, faili la bati halikuwapo tena chini ya kaunta. Mzee alinikabidhi bahasha yenye kopi yangu na ya mama mkwe wangu, akaniambia kwamba anaendelea kuwarudishia wengine kadiri wanavyopita, na kwamba wale asioweza kuwapata atazichoma kopi zao mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kalenda ilikuwa bado ukutani, palepale.